Mwenye Maoni Tofauti wa Kikundi cha Tisa

Kama hujawahi kufika Ndiyoni, usijilaumu. Nchi hiyo haimo katika ramani yoyote, na wizara inayohusika imekwisha kutoa tamko kwamba kosa ni la ramani. Wanaoishi huko wanasema ni nchi nzuri, na hawaongezi neno.

Mtawala wake huitwa Msikilizaji Mkuu. Mbele ya Ikulu yake limesimamishwa sikio la shaba, kubwa kama nyumba ya vyumba vitatu, limewaelekea wananchi ili wasije wakadhani hawasikiki. Kila mwaka huitisha Kongamano la Kusikilizwa, na watu hutoka kila pembe ya nchi kuja kusikilizwa. Yeye mwenyewe hahudhurii. Imekwisha kuelezwa kwamba ukimsogeza msikilizaji karibu mno na sauti, unaweza kumwumiza masikio.

Mwaka huo hoja ilikuwa mto. Madaktari walikuwa wameona kwamba Msikilizaji Mkuu hapati usingizi mpaka asikie maji yanatiririka, na wahandisi wakaona kwamba kuihamishia Ikulu mtoni ni kuivunjia heshima. Basi mto uhamie Ikulu. Kikwazo, kwa wale wapendao kuona vikwazo, ni kwamba Mto Lumbe ulikuwa unateremka Bonde la Chini tangu enzi na enzi, na wakazi wa bonde hilo walikuwa wameshajenga tabia ya kulima mpunga na kunywa maji. Ndipo wakaitwa waje kusikilizwa. Swali la kongamano liliandikwa juu ya jukwaa kwa herufi za dhahabu: MTO UKIHAMISHWA, TUTAFAIDIKAJE?

Sasa, katika mji wa wilaya alikuwako mwalimu mmoja wa shule ya msingi, jina lake Sifuni, mjane, mama wa binti mmoja wa darasa la tano. Alisifika kwa jambo moja: alijua kumfanya mtu mkimya aseme. Hakubembeleza wala hakupaza sauti. Aliuliza swali dogo, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulimfanya mtu ajione yuko kwake, amevua viatu. Kwa njia hiyo aliwahi kuzipatanisha kamati mbili za pampu ya maji ambazo wajumbe wake walikuwa hawazikani.

Habari zake zikafika Wizara ya Maafikiano. Asubuhi moja gari lilisimama mbele ya darasa lake, dereva akashuka, akampa mkono kwa heshima na kumpongeza.

"Kwa lipi, kaka?" Sifuni akauliza.

"Kwa kujitolea kuwa mwezeshaji wa kongamano, mwalimu. Panda twende."

Sifuni hakukumbuka kujitolea. Lakini dereva alikuwa ameacha injini ikinguruma, na mwalimu mkuu alikuwa ameshaanza kupiga makofi.

*

Wawezeshaji walifundishwa kazi yao na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Balozi Pius Matarumbeta, mtu mnene mwenye sauti ya kufungulia mkutano hata akiomba chumvi mezani.

"Itifaki imezingatiwa!" alianza, ingawa hapakuwa na mwingine wa kuzingatiwa. "Ndugu wawezeshaji, wako watu wabaya wanaosema kwamba Ndiyoni hakuna uhuru wa maoni. Na wafadhili wetu nao wametuuliza: mbona katika ripoti zenu hamna hata mtu mmoja anayepinga? Tukawajibu kwamba sisi si wachoyo. Kama ni wapinzani mnataka, wapinzani mtapata! Kwa hiyo kila kikundi kina watu kumi. Tisa watakubali, kwa hiari yao. Mmoja atapinga, kwa hiari yake. Na hiari zote mbili ni za lazima."

Makofi yakapigwa. Yalipokwisha, Sifuni alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, huyo mmoja anapatikanaje?"

"Kwa kuwezeshwa, mama. Ndiyo maana mkaitwa wawezeshaji."

"Na asipopatikana?"

Waziri alitabasamu kama mtu aliyekuwa akilingojea swali hilo tangu asubuhi. "Asipopatikana, maana yake mwezeshaji ameuzuia uhuru. Na anayeuzuia uhuru ana maoni tofauti kuhusu uhuru. Tutamhesabu yeye."

Kisha akaeleza heshima zinazomngoja Mwenye Maoni Tofauti. Atavishwa kofia ya njano. Atapigwa picha na wafadhili. Atashangiliwa na ukumbi mzima, na baada ya kushangiliwa ataingia kwenye basi kwenda Semina ya Ufafanuzi, ambako maoni yake yatafafanuliwa mpaka yaeleweke. Semina ya kwanza ilikuwa imeanza mwaka juzi. Ilikuwa bado inaendelea, kwa sababu, alisema Mheshimiwa, ufafanuzi hauna haraka.

Sifuni alimfikiria binti yake aliyemwacha kwa jirani, akitarajia mama arudi kesho yake.

*

Kikundi cha Tisa kilipewa chumba cha kuhifadhia viti, nyuma ya ukumbi. Palikuwa na bangokitita, ile mikaratasi mikubwa inayotundikwa kwenye miguu ya mbao, na kalamu moja ya wino mzito. Washiriki walikuwa watu wa Bonde la Chini wote, na walikuwa tisa. Wa kumi alifika mpaka kwenye lango la ukumbi, akaliona basi limeegeshwa chini ya kivuli, akashikwa na homa ya ghafla na kurudi kwao kwa miguu.

"Hili halifai," alisema Bwana Thabiti Kigosi. "Kikundi pungufu ni kikundi chenye dosari."

Bwana Thabiti alikuwa Afisa Mtazamaji. Kila kikundi kilikuwa na wake, wa kukaa pembeni na kutazama. Alikuwa kijana bado, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akafikiri kidogo, kisha uso ukamng'aa. Alitoka, akarudi na beji ya mshiriki, akaibandika juu ya ile ya uafisa.

"Sasa tumetimia kumi," akasema. "Endelea, Bi Sifuni."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtesa Sifuni mwanzo hadi mwisho. Alikuwa na mfuko wa kashata alizofungashiwa na mkewe, akazipitisha kwa kila mtu. Alieleza kwamba ana watoto mapacha, na kwamba mmoja ameanza kuota meno na mwingine anamwonea wivu. Wale watu wa bonde walizipokea kashata kwa mikono miwili, wakazishika bila kuzila.

Sifuni aliuliza nani angependa kuanza, na hakuwahi kupata majibu ya haraka namna ile.

"Mto ukihamishwa," alisema mama mmoja aliyembeba mtoto mchanga, "matope yatapungua."

"Mbu watapungua."

"Watoto hawatazama."

"Tutapata njia pana ya kupita," alisema Mzee Kapufi, diwani mstaafu, mtu wa mvi na koti zito. "Njia ambayo sasa haipitiki kwa sababu ya maji."

"Safi sana," Bwana Thabiti alisema kila mara. "Safi sana."

Sifuni akaandika yote. Watu wanane walisema, na kila aliyemaliza alishusha pumzi na kusogeza kiti chake nyuma kidogo. Wawili wa bonde tu ndio walikuwa hawajasema: ajuza mmoja aliyejifunga kanga mbili, aliyeitwa Bibi Semeni, na kijana mrefu, jina lake Nuhu Chilewa, ambaye tangu aingie alikuwa akitazama dirishani. Kupitia dirisha lile lilionekana basi.

Nimesema wanane? Kwa kweli walikuwa saba. Wa nane alikuwa Bwana Thabiti, aliyesema kwamba sauti ya maji mbele ya Ikulu itainua utalii.

"Basi," akasema, akitazama saa yake, "tunahitaji mmoja wa kupinga. Kengele inapigwa saa nane."

Hakuna aliyejitikisa. Sifuni alivijua vimya vya kila aina, cha aibu, cha hasira, hata cha mtu anayetafuta neno. Hiki hakukijua. Kilikuwa kimya cha kuku wanaposikia mwewe.

Mzee Kapufi akakohoa. "Mimi naona," alisema taratibu, "kwamba bibi yetu hapa hajachangia. Na bibi yetu ameshakula chumvi nyingi. Wajukuu wake ni watu wazima. Huko semina nasikia chakula kipo."

Watu wakatazama sakafu. Hakuna aliyesema ndiyo, wala hakuna aliyesema hapana.

"Mzee Kapufi," alisema yule mama mwenye mtoto, "huna haya?"

"Haya ninayo, binti yangu. Nilichokosa ni ujasiri."

Bibi Semeni alimtazama tu. Na katika kutazamana kule, Nuhu akainuka.

"Niandikeni mimi."

"Safi sana!" Bwana Thabiti akasema.

"Kaka yangu Hosea aliivaa ile kofia mwaka jana," Nuhu aliendelea, kana kwamba hakumsikia. "Picha yake tuliiona gazetini, anacheka. Mama aliikata akaibandika ukutani. Nimekwenda wizarani mpaka askari wa pale wananijua kwa jina, na kila siku naambiwa semina inaendelea. Basi nami nipelekwe. Nikimkuta, tutarudi wote. Nisipomkuta, nitajua."

"Hiyo ndiyo hiari yenyewe!" Bwana Thabiti alisimama kwa furaha. "Andika, Bi Sifuni. Nuhu Chilewa. Tumemaliza kabla ya vikundi vyote!"

Nafuu ilimpanda Sifuni mwilini kama maji ya vuguvugu. Angerudi nyumbani. Kesho jioni angekuwa anamsuka binti yake nywele. Aliinua kalamu, na papo hapo akaionea aibu ile nafuu, mkono ukabaki hewani.

"Kijana," ilisema sauti kavu. Ilikuwa ya Bibi Semeni. "Mama yako alizaa wana wangapi?"

"Wawili, bibi."

"Mmoja yuko ukutani. Sasa unataka umpelekee picha ya pili. Picha zitamlimia?"

Nuhu aligeukia tena dirishani.

"Kaa chini, mwanangu."

Akakaa.

"Jamani," Bwana Thabiti alisema, na sasa tabasamu lilianza kuchoka, "msimvunje moyo mtu aliyejitolea. Muda unakwenda. Bi Sifuni, asipoandikwa huyu, unajua ataandikwa nani."

Sifuni alijua. Aliitazama ile karatasi, akawatazama watu, akamtazama Bwana Thabiti. Kisha akauliza swali dogo.

"Bwana Thabiti, karatasi hii ikifika meza kuu, anaisoma nani?"

"Haisomwi, inahesabiwa. Tisa na mmoja. Kusoma ni kazi ya wachambuzi, na wachambuzi bado hawajaajiriwa."

"Na ikiwa wale tisa wamesema jambo baya?"

Bwana Thabiti alicheka, bila dharau yoyote, kama mwalimu anayemrahisishia mtoto hesabu. "Watu tisa hawawezi kusema jambo baya, dada yangu. Wakiwa tisa, hayo ni maafikiano. Jambo baya husemwa na mmoja."

"Jambo lolote?"

"Lolote lile. Ndiyo kanuni."

Sifuni aliibandua ile karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya kiti.

"Tuanze upya," akasema. "Vutieni viti kwenye duara. Na wewe, Bwana Thabiti, karibu ndani. Wewe ni mshiriki wa kumi."

Akaingia. Hakuona sababu ya kukataa.

"Kila mtu atasema zamu yake ikifika," Sifuni akaeleza, "na hakuna atakayemjibu mwenzake. Nawauliza hivi tu: asubuhi ukiamka, unakwenda mtoni kufanya nini?"

Hilo halikuwa swali la kongamano. Watu wakatazamana. Bibi Semeni alikuwa wa kwanza kulijibu.

"Nachota," akasema.

"Namwogesha huyu," alisema yule mama, akimgusa mtoto kichwani.

"Nafungulia majaruba yangu yapate maji."

"Nasafisha sufuria za mgahawa."

Nuhu alisema huvua kambale kwa nyavu za Hosea, zisije zikaoza kabla hajarudi. Na Mzee Kapufi akasema, akitazama mikono yake, kwamba mkewe amezikwa ng'ambo ya pili, na kila asubuhi humwamkia akiwa upande huu, kwa sababu magoti hayamruhusu tena kuvuka.

Ilipofika zamu ya Bwana Thabiti, alisema kwamba yeye hutumia bomba.

"Ahsanteni. Sasa la pili," Sifuni akasema. "Mto uhamishwe?"

Kwenye ukumbi mkubwa bendi ilikuwa inajaribu vyombo. Mtu alipiga tarumbeta mara moja, akaacha.

"Usihamishwe," alisema Bibi Semeni.

Bwana Thabiti akageuka haraka. "Bibi, unapinga? Basi tumeshampata..."

"Hatujibizani, Bwana Thabiti," Sifuni akasema. "Zamu."

"Usihamishwe," alisema mama mwenye mtoto. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini neno lilitoka zima.

"Usihamishwe," akasema Nuhu.

"Usihamishwe."

"Usihamishwe."

Neno lilizunguka kama bakuli la maji linalopitishwa, kila mmoja akiogopa asilimwage yeye. Likafika kwa Mzee Kapufi, na hapo likasimama. Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Wote walijua kwamba akiteleza, watakuwa wamepinga wanane, na hakuna aliyejua kanuni inasema nini juu ya wanane. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola ya koti.

"Nimekuwa diwani vipindi vinne," alisema kwa shida. "Sijawahi kusema hapana. Sijui mdomo unakaaje."

"Jaribu, mzee wangu," Sifuni akasema.

"Usi..." Akameza mate. "Usihamishwe."

Sasa alibaki mmoja. Bwana Thabiti alikuwa amesimama, uso umemwiva. Sifuni alimwona kama alivyo: shati la pasi, chembe ya kashata kwenye mdomo, beji moja juu ya nyingine. Angeweza kumwambia kila kitu. Badala yake alimwambia nusu.

"Ni zamu yako, Bwana Thabiti. Fikiri kwanza."

"Nifikiri nini? Huu ni uasi! Mimi napinga!"

"Unapinga?"

"Napinga kwa nguvu zangu zote! Mto uhamishwe, uhamishwe hata leo!"

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu, na mtanikumbuka!"

Sifuni akageukia bangokitita. Wino ulinuka sana. Akaandika: Waliokubaliana, tisa. Mwenye maoni tofauti, mmoja, Thabiti Kigosi. Alipoweka nukta, kengele ikalia.

*

Bwana Thabiti alichelewa kuelewa. Aliisoma ile karatasi mara ya kwanza akitikisa kichwa, mara ya pili midomo ikimcheza, na ya tatu alipotaka kuinyakua, vijana wa itifaki walikuwa wameshaingia na kuibandua.

"Ngojeni, kuna makosa," akasema.

"Baada ya kengele hakuna kalamu, mshiriki," alijibu mmoja wao, akisoma beji ya juu. Akahesabu kwa kidole. "Tisa, mmoja. Kikundi cha Tisa kimekamilika."

Njia nzima kuelekea ukumbini Bwana Thabiti alitembea karibu na Sifuni, akisema kwa sauti ya chini kwamba hakuna neno, Mheshimiwa anamfahamu, Mheshimiwa alikula pilau kwenye harusi yake. Sifuni alitembea akitazama mbele.

Ukumbini waliketi wafadhili safu ya mbele, kamera mikononi. Waziri Matarumbeta alitangaza vikundi kimoja kimoja, na kila Mwenye Maoni Tofauti alipanda jukwaani, akavishwa kofia, akapigiwa makofi. Mmoja alilazimika kushikwa kwapani.

"Kikundi cha Tisa! Watu tisa wameafikiana! Na shujaa wetu anayepinga ni ndugu..." Waziri alilitazama jina. Akaitazama ile karatasi tena. "Ni ndugu Thabiti Kigosi."

Bwana Thabiti alipanda akikimbia. Wafadhili walipendezwa sana na ari yake.

"Mheshimiwa," alinong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na ukumbi mzima ukasikia, "ni mimi. Kigosi. Wa idara yako."

Hapo hata bendi ilitulia. Waziri alimtambua, hilo lilionekana wazi. Lakini kamera zilikuwa zimeinuliwa, na Waziri hakuwa mjinga. Akikiri kwamba anayepinga ni mtumishi wake, wafadhili watauliza na wale wengine ni akina nani. Sifuni alimwona akipima, macho yakienda kwa wafadhili na kurudi kwa kijana. Haikumchukua muda.

"Ndugu Kigosi," akasema kwa sauti kubwa, "taifa linajivunia ujasiri wako!" Na akaivuta ile kofia ya njano kichwani mwa kijana mpaka ikamfunika masikio.

Makofi yalitikisa madirisha.

Nuhu alilifukuza basi mpaka langoni. Lilipopunguza mwendo kungoja lango lifunguliwe, aligonga kioo alipokaa Bwana Thabiti.

"Ukimkuta Hosea Chilewa, mwambie mama hajakigusa chumba chake!"

Bwana Thabiti alishusha kioo. Alikuwa amesawijika uso. "Semina yenyewe iko wapi?" akauliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Mimi kazi yangu ilikuwa inaishia hapa langoni," alisema. Basi likaondoka naye.

*

Wizara ilifurahi. Wafadhili walikuwa wameandika kwamba upinzani wa Kikundi cha Tisa ulikuwa na hisia za kweli, na Waziri akaamuru mwezeshaji wake awafundishe wawezeshaji wa makongamano yote ya kanda. Sifuni akazungushwa nchi nzima kwa gari la serikali. Alifundisha jambo moja tu: mtazamaji naye ni mshiriki, msimwache nje ya duara. Waliohitaji kuelewa walielewa. Kanda ya kwanza ilitoa maafisa wanne, ya pili saba. Baada ya hapo wizara iliacha kutangaza.

Semina ya Ufafanuzi ikajaa. Na kwa kuwa kanuni za utumishi zinakataza afisa kulala chumba kimoja na mwananchi, ilibidi wananchi wapishe. Walirudishwa makwao mmoja mmoja, bila maelezo. Mto haukuhamishwa, maana afisa wa kuidhinisha uchimbaji alikuwa naye anafafanuliwa, na Msikilizaji Mkuu, inasemekana, aliletewa mwanamuziki wa kuiga sauti ya maji.

Hosea Chilewa alirudi siku ya jua kali, amekonda, kofia imepauka. Nuhu alimleta kwa Sifuni kushukuru. Alikunywa maji gilasi mbili kabla ya kusema neno.

"Walikuwa wanawafanya nini huko?" Sifuni akauliza.

"Wanakuuliza ulimaanisha nini. Ukieleza, wanakwambia fafanua. Kesho yake tena."

"Na Bwana Kigosi?"

"Yupo. Yeye kila siku anawaambia kwamba alikuwa anakubali." Hosea aliitazama gilasi tupu. "Wanamwambia afafanue."

Sifuni hakulala vizuri tangu siku ile. Alipoulizwa na jirani, alisema ni joto.

Wiki chache baadaye mwanamke alibisha hodi, pacha mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Hakungoja kukaribishwa kitini.

"Mimi ni mke wa Kigosi. Wewe ndiye uliyemwezesha mume wangu?"

"Ndiye mimi," Sifuni akasema.

"Ulijua basi linakwenda wapi?"

"Sikujua linakokwenda. Nilijua haliwarudishi watu."

Sifuni alingoja atukanwe, hata apigwe, angekubali vyote. Pacha wa mkononi alikuwa anavuta ushanga wa shingo ya mama yake.

"Basi kesho tutakwenda pamoja wizarani," mwanamke akasema. "Utayasema hayo kwa mdomo wako, yote, na mimi nikiwa nimesimama hapo hapo."

Sifuni alimtazama binti yake aliyekuwa akifanya mazoezi ya shule mezani, akijifanya hasikii. "Nitakuja," akasema.

Asubuhi alimsuka mtoto nywele, akamkabidhi kwa jirani na ufunguo wa nyumba, akaenda. Walikutana kwenye lango la Wizara ya Maafikiano, wanawake wawili na watoto wawili. Askari alitoka kwenye kibanda chake.

"Mmekuja kukubali au kupinga?"

Wanawake wakatazamana.

"Tumekuja kuuliza," Sifuni akasema.

Askari aliwatazama, akatazama nyuma yake kwenye madirisha ya wizara, akawatazama tena. Kwa watu wa kukubali alikuwa na amri, kwa watu wa kupinga alikuwa na basi. Kwa watu wa kuuliza hakuwa amepewa chochote. Akabaki ameshika komeo, halifungui wala haliachii, jasho likianza kumtoka chini ya kofia.

Mke wa Kigosi alitandika kanga chini, mbele ya lango, akawaketisha wanawe. Sifuni akaketi upande wa pili. Wakamngoja askari aamue.